Rangi pekee haitoshi kutambua nyaya za hita

MWENYE nyumba wa Mayoni, Kaunti ya Kakamega, anapoondoa saa iliyoharibika inayowasha na kuzima hita ya maji ya kuoga, huenda akakuta nyuma yake nyaya nne au tano zisizo na alama yoyote. Wazo la kwanza ni kufuata rangi. Hapo ndipo hatari huanzia.

Kenya ilirithi mfumo wa umeme wa Uingereza. Katika mfumo huo wa kale, waya mwekundu ni wa moto, yaani unaoleta umeme. Mweusi ni nyutro, unaourudisha. Na wa kijani ni athi, unaoelekea ardhini. Uingereza yenyewe ilianza kuacha rangi hizo mnamo 2004 na kufuata za Ulaya: kahawia kwa waya wa moto, samawati kwa nyutro, na kijani chenye mistari ya manjano kwa athi. Nyumba iliyoongezwa vyumba baadaye yaweza kuwa na mifumo yote miwili.

Utata haukomei hapo. Waya mweusi, uliokuwa nyutro, ni wa moto katika umeme wa fezi tatu wa mfumo mpya. Samawati, ambayo sasa ni nyutro, ilikuwa ya moto katika fezi tatu za zamani. Aidha, fundi aliyeishiwa na waya mwekundu huenda alitumia wowote aliokuwa nao.

Kwa kawaida, saa ya hita huhitaji waya wa moto unaoingia, mwingine unaopeleka umeme kwenye hita saa zilizopangwa zinapowadia, nyutro na athi. Nyaya mbili za moto zikibadilishana, huenda saa isitembee na hita isiwake. Waya wa moto ukiunganishwa na athi, bomba na mwili wa hita vyaweza kubeba umeme, na anayeoga akapoteza maisha.

Kwa hivyo, kabla ya kufungua skrubu yoyote, swichi kuu huzimwa, picha ikapigwa na kila waya ukabandikwa utepe wenye jina la tundu ulimotoka. Testa hujaribiwa kwanza mahali penye umeme, kisha kwenye nyaya hizo, halafu tena pale pa kwanza, ili ijulikane kwamba haijaharibika.

Nyaya zikishatenganishwa, multimita hutambua zinazokwenda kwenye hita. Hita ya wati 3,000 kwa volti 240 huonyesha ukinzani wa omu 19 hivi kati ya waya wake wa moto na nyutro yake. Zilizosalia hupimwa na fundi umeme ukiwashwa: wa moto huonyesha volti 240 hivi dhidi ya athi, ilhali nyutro hukaribia sufuri.

Uwezo wa saa pia huangaliwa. Hita hiyo huvuta ampea 12.5, lakini ya wati 5,000 huvuta zaidi ya 20, na saa ya ampea 16 yaweza kuungua.

Sheria ya Kawi ya 2019 inataka kazi hii ifanywe na fundi mwenye leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA). Hata hivyo, mwenye nyumba ana haki ya kumuuliza, kabla kifuniko hakijarudishwa, iwapo amepima kila waya au ametazama rangi tu.