Usilale na simu ikichajiwa kitandani

Jana usiku kabla ya kulala uliiweka wapi simu yako? Ikiwa ilikuwa chini ya mto, waya wa chaja umepita kando ya godoro, basi makala haya ni yako.

Majuzi mama mmoja aliniletea bintiye wa miaka tisa asubuhi na mapema. Mtoto alikuwa ameungua mkono, na kidonda kilikuwa kimepakwa dawa ya meno. Mama alinieleza kwamba pawabenki waliyonunua kwa mchuuzi karibu na kituo cha matatu ilikuwa ikichajiwa kitandani usiku. Ililipuka, godoro likashika moto, na chumba kikajaa moshi mweusi kabla hawajaupata ufunguo wa mlango.

"Ni mkono tu, daktari," aliniambia.

Kilichonitia hofu si mkono. Sauti ya mtoto ilikuwa imekwaruza na puani mlikuwa na masizi. Hiyo ni dalili kwamba amevuta hewa ya moto, na koo lililoungua huweza kufura saa kadhaa baadaye na kuziba pumzi. Tulimkimbiza hospitali kubwa, akalazwa siku kadhaa. Kwa bahati njema alipona.

Moto hutoka wapi?

Betri za ioni za lithiamu zilianza kuuzwa mwaka 1991. Leo zimo ndani ya simu, vipakatalishi, pawabenki, taa za kuchaji na pikipiki za umeme. Zinapendwa kwa sababu hubeba nguvu nyingi mahali padogo, na hapo ndipo penye hatari. Ndani yake mna tabaka mbili zilizotenganishwa na utando mwembamba wa plastiki, na majimaji yanayoshika moto upesi. Betri ikianguka, ikibonyea, ikipata joto kupita kiasi au ikiwa iliundwa vibaya, utando huo huweza kuharibika na tabaka zikagusana. Joto hupanda ghafla, nalo huzidi kujizalisha. Betri hutoa mvuke wenye sumu na kufoka moto.

Chaja nayo ina kazi ya kupunguza umeme wa nyumbani, ambao ni volti 240, hadi volti chache tu zinazoifaa simu. Katika chaja duni, vifaa vya kinga huwa vimepunguzwa au havimo kabisa ili bei iwe ya chini. Chaja ya aina hiyo hupata joto, huyeyuka, na hata huweza kumpiga mtu shoti.

Sasa weka vitu hivyo chini ya blanketi. Joto halina pa kutokea. Godoro la sponji huwaka kwa kasi, na moshi wake una kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu ambayo huchukua nafasi ya oksijeni katika damu. Aliyelala haamki, bali huzidi kuzama usingizini. Wengi wanaokufa nyumba inapoungua huuawa na moshi kabla ndimi za moto hazijawafikia.

Hatari huwa kubwa zaidi kwa betri za pikipiki na baiskeli za umeme. Mjini New York, Marekani, watu 18 walifariki mwaka 2023 katika mioto iliyosababishwa na betri za lithiamu, nyingi zikiwa za baiskeli na pikipiki ndogo za umeme. Fikiria nyumba zetu za ghorofa: madirisha yana vyuma na mlango ni mmoja. Betri ya bodaboda ikiwaka karibu na mlango huo, mtapitia wapi?

Mambo ya kufanya

Kwanza, chaji ukiwa macho. Simu ikijaa, chomoa.

Pili, weka kifaa juu ya sakafu ya simiti, kigae au meza tupu, mbali na kitanda, kochi, pazia na watoto. Kamwe usichajie betri kubwa mlangoni, kwenye ujia au kwenye ngazi.

Tatu, nunua chaja inayokubaliwa na mtengenezaji wa kifaa chako, katika duka linalotoa risiti, na uangalie alama ya KEBS. Chaja nyepesi mno, au inayochoma mkono ukiishika, itupe. Usitumie chaja ya pikipiki moja kwa nyingine.

Nne, betri iliyofura, inayonuka au inayovuja isichajiwe tena. Usiitoboe wala kuichoma na takataka. Iweke nje mbali na vitu vinavyoshika moto, kisha uwapelekee wanaokusanya taka za kielektroniki.

Tano, ufunguo wa mlango ukae mahali pamoja, ambapo kila mtu nyumbani anaweza kuupata gizani.

Moto ukizuka

Ikiwa ni simu au pawabenki, zima umeme kwenye soketi kama waweza kuifikia bila hatari, kisha mwagia maji mengi. Maji hupoza betri. Usiishike kwa mkono, kwani yaweza kuwaka tena hata baada ya saa kadhaa. Ikiwa ni betri ya pikipiki, usipambane nayo. Toeni watu, tambaeni chini ya moshi, fungeni mlango nyuma yenu na mpige 999 au 112.

Aliyeungua mwagilie kidonda maji baridi ya bomba kwa dakika 20, huku mwili mwingine umefunikwa asipate baridi, hasa mtoto. Vua pete, bangili na saa kabla hajafura, lakini usibandue nguo iliyogandamana na ngozi. Kisha funika kidonda kwa kitambaa safi. Usipake dawa ya meno, unga, yai wala mafuta. Vitu hivyo huzuia joto kutoka, huleta viini, na hutulazimu kukisugua kidonda upya.

Aliyevuta moshi apelekwe hospitali hata kama hana kidonda, hasa akikohoa, akiumwa na kichwa, sauti ikikwaruza au ukiona masizi puani na mdomoni. Usingoje kupambazuke.

Usiku wa leo, kabla ya kuzima taa, pitia vyumbani uchomoe chaja zote, hata ile ya kijana wako anayedai kuwa inabaki kidogo tu. Atanung'unika, lakini simu yaweza kungoja hadi asubuhi.