Gari dogo jipya au lililotumika? Mnunuzi wa Kulamawe apige hesabu yake

Mfugaji anayeuza ng'ombe ili anunue gari hubadilisha mali inayozaa kwa mali inayochakaa. Hilo si kosa, kwa kuwa gari humfikisha mgonjwa hospitalini, maziwa sokoni na mtoto shuleni. Hata hivyo, ni sharti mabadilishano hayo yafanywe kwa hesabu, hasa katika maeneo kame kama Kaunti ya Isiolo. Ukame ulioanza mwaka wa 2020 na kuendelea hadi mapema mwaka wa 2023 uliangamiza zaidi ya mifugo milioni mbili humu nchini, na familia nyingi zingali zinajaza mazizi upya.

Kulamawe iko kiasi cha kilomita 80 mashariki mwa mji wa Isiolo, kwenye barabara iendayo Modogashe, Wajir na hatimaye Mandera. Katika miaka ya karibuni barabara hiyo imekuwa ikijengwa kwa lami hatua kwa hatua. Lakini njia za kuingia vijijini na malishoni ni za mchanga na mawe, na mvua inyeshapo, laga hufurika na kukatiza safari. Jina la mji huo pekee latosha kumwonya mwenye gari la chini.

Mtu wa huko anayetaka gari dogo hujikuta mbele ya njia mbili: anunue jipya, au anunue mtumba. Wengi huamua kwa kutazama bei pekee, ilhali bei ni sehemu tu ya gharama.

Gari jipya lina fadhila zake. Mnunuzi ndiye wa kwanza kuliendesha, hivyo hakuna ajali iliyofichwa wala kilomita zilizopunguzwa. Huja na dhamana ya mtengenezaji, yaani waranti, ya miaka au kilomita kadhaa. Benki nazo huwa nyepesi kulikopeshea. Baadhi ya magari madogo yamewahi kuunganishwa humu nchini, mathalani Volkswagen Polo Vivo, ambayo kazi yake ilianza Thika mnamo Desemba 2016, na magari yanayounganishwa hapa hupata nafuu ya ushuru.

Pamoja na hayo, dhamana ina masharti. Aghalabu humtaka mwenye gari alipeleke kuhudumiwa kwa wakati katika gereji iliyoidhinishwa. Iwapo gereji hiyo iko Nairobi, mkazi wa Kulamawe atasafiri zaidi ya kilomita 700 kwenda na kurudi ili kubadilisha oili pekee. Isitoshe, dhamana kwa kawaida haigharimii tairi zilizochanwa na mawe, wala injini iliyoingia maji kwa kuvuka laga. Hasara nyingine ni kushuka kwa thamani: gari hupoteza sehemu kubwa ya bei yake katika miaka michache ya mwanzo, na anayelipia hasara hiyo ni mnunuzi wa kwanza.

Magari yaliyotumika nayo ni ya aina mbili, na ni vyema kutozichanganya.

Aina ya kwanza ni yale yanayoagizwa kutoka ng'ambo, hasa Japani. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari lililozidi umri wa miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza, wala lenye usukani wa kushoto, na ni lazima likaguliwe kabla ya kusafirishwa. Huko Japani, gari la abiria hufanyiwa ukaguzi wa lazima baada ya miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili. Ukaguzi huo huwagharimu wenyeji, na hiyo ni sababu moja inayowafanya wauze mapema magari ambayo yangali imara. Magari mengi hupitia mnadani yakiwa na karatasi inayoeleza hali yake, kilomita ilizotembea na ukarabati uliofanywa. Mnunuzi aidai karatasi hiyo.

Ushuru ndio unaopandisha bei ya magari hayo. Mamlaka ya Ushuru nchini, KRA, huanza na bei ya gari jipya la aina hiyo iliyo kwenye orodha yake, kisha huipunguza kulingana na umri. Juu ya kiasi hicho hutozwa ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa, kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16, na ada nyinginezo. Injini isiyozidi sentimita za ujazo 1,500 hutozwa ushuru wa bidhaa wa kiwango cha chini kuliko kubwa zaidi, na hii ndiyo maana magari madogo yamekuwa kimbilio la wengi.

Aina ya pili ni gari lililokwisha kutumika humu nchini. Bei yake ni nafuu, na mnunuzi anaweza kuliendesha kabla ya kulipa. Lakini nalo limekwisha kula mashimo ya barabara zetu, na wapo wauzaji wanaorudisha nyuma hesabu ya kilomita. Kwa hiyo, fundi asiyejuana na muuzaji alikague, na liinuliwe ili chasisi itazamwe kwa chini. Nambari ya chasisi na ya injini zilinganishwe na zilizo kwenye logibuku. Umiliki uthibitishwe kwa NTSA kupitia mtandao wa serikali wa eCitizen. Ichunguzwe pia kama gari limewekwa rehani kwa mkopo, kwani sheria ya mwaka wa 2017 kuhusu dhamana za mali inayohamishika iliunda sajili ya kuhifadhi habari hizo. Malipo ya mwisho yaambatane na uhamisho wa umiliki. Neno la mdomo halitoshi.

Baada ya hapo lafuata swali ambalo wengi hulisahau: ni nani atakayelitengeneza gari hili? Ukienda kaskazini mwa Kenya utakutana na Toyota Probox kila mahali. Gari hilo lilianza kuundwa mwaka wa 2002 likiwa la kubebea mizigo ya makampuni, na injini zake nyingi hazizidi lita moja na nusu. Limeenea kwa sababu vipuri vyake si adimu na mafundi wengi wamelizoea. Kinyume chake, gari lenye giaboksi ya mkanda na mitambo mingi ya kielektroniki huhitaji oili maalumu na kompyuta ya kutambua hitilafu. Likiharibika mbali na mji, litavutwa kwa lori.

Tuchukue mfano wa watu wawili, kila mmoja akiwa na shilingi 1,200,000. Wa kwanza anazitumia zote kununua gari la kuvutia. Wa pili ananunua la shilingi 950,000 na kuweka akiba ya shilingi 250,000 kwa bima, tairi, springi na dharura. Masika yanapofika, magari yote mawili yanavunjika springi. Wa pili anatoa akiba na kurudi barabarani, ilhali wa kwanza anauza mbuzi, kwa bei atakayopangiwa na mnunuzi kwa kuwa ana haraka.

Wanaotegemea mkopo nao wapime mambo mawili. Kwanza, mkopeshaji kwa kawaida hudai bima kamili, ambayo ni ghali kuliko ile ya lazima ya kuwafidia watu wengine. Pili, wapo wanaotumaini kwamba gari litajilipa kwa kubeba abiria. Kubeba abiria kwa malipo kunahitaji leseni na bima yake. Bima ya gari la kibinafsi inaweza kukataa kulipa ajali ikitokea. Kwa Mwislamu anayeepuka riba, upo mpango wa murabaha katika benki za Kiislamu, zilizoanza kuhudumu nchini mwaka wa 2008. Benki hulinunua gari, kisha humuuzia mteja kwa awamu kwa bei iliyoongezwa faida inayojulikana tangu mwanzo. Pamoja na hayo, awamu ni deni, na deni halingoji mvua.

Ni nani basi anayefaa kununua jipya? Ni mwenye mshahara au biashara isiyoyumba, anayesafiri zaidi kwenye lami, aliye karibu na gereji iliyoidhinishwa na anayenuia kukaa na gari hilo miaka kumi au zaidi. Kwa familia ya Kulamawe ambayo mapato yake hupanda na kushuka kwa mvua, busara ni kununua gari lililotumika, lililokaguliwa vyema, ambalo vipuri vyake vinapatikana mjini Isiolo, na kubakiza walau sehemu moja kwa tano ya fedha. Asiyeweza kubakiza fedha hizo na atafute gari la bei ya chini zaidi, au asubiri msimu mwingine huku ng'ombe wake wakiendelea kuzaa.