Haja, Kazi na Matokeo: Mfano wa Hanna Nassif



Neno "mradi" limekuwa jepesi vinywani mwetu. Tawi likitaka sakafu ya kuanikia karafuu, huo ni mradi. Likitaka njia ya gari, nao ni mradi. Kabla hatujaandika maombi ya mwaka huu, yafaa tutazame jinsi haja inavyogeuka kuwa matokeo. Mfano mzuri uko ng'ambo ya bahari, Dar es Salaam.

Hanna Nassif ni mtaa wa Kinondoni, kando ya bonde la Mto Msimbazi. Nyumba zilijengwa huko bila ramani, wala maji hayakuachiwa njia. Ilipokuja masika maji yaliingia vyumbani, vyoo vya shimo vikafurika, na maradhi yakafuata. Taabu hiyo ilijulikana na kila mtu kwa miaka mingi, lakini taabu peke yake si mradi. Mradi ulianza hapo wakazi walipokubaliana lipi litangulie. Mahitaji yao yalikuwa mengi. Waliloliweka mbele ni maji ya mvua yapate pa kupita. Kazi yenyewe ilianza mwaka 1994, kwa msaada wa Halmashauri ya Jiji, Shirika la Kazi la Kimataifa na Ford Foundation ya Marekani.

Namna ya kufanya kazi ndiyo inayostahili kutazamwa zaidi. Haikuwa desturi ya kumpa mkandarasi kila kitu, naye akija na watu wake, akamaliza, akaondoka. Chama cha wakazi kilitia sahihi mikataba, na watu wa mtaa, wanaume kwa wanawake, walichimba mifereji na kujenga kwa mikono yao kwa ujira, huku wataalamu wakiwaelekeza. Kwa hiyo sehemu ya fedha ilibaki mtaani, na ujuzi vilevile.

Sasa tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Mfereji si matokeo. Mfereji ni kitu kilichojengwa. Matokeo ni chumba kikavu usiku wa mvua. Mtu aweza kuhesabu mita za mfereji, akapiga picha, akatoa hotuba, na bado nyumba zikajaa maji, kwa sababu mfereji umeziba kwa taka na mchanga. Huko Hanna Nassif pia jambo la kusafisha mifereji lilikuwa zito baada ya ujenzi: ni nani asafishe, na kwa fedha ya nani? Swali hili huulizwa mwisho, nalo lingepaswa kuulizwa siku ya kwanza. Liko na jingine: mtaa ukikauka na kupitika, kodi za nyumba hupanda, na mpangaji aliyeshika jembe huenda akashindwa kukaa.

Kuanzia mwaka 2005 kazi za jinsi hii zilienezwa katika mitaa ya Kinondoni, Ilala na Temeke kwa mkopo wa Benki ya Dunia: barabara, mifereji, taa, vyoo na maji.

Turudi kwetu. Tawi likiandika "twataka sakafu", limetaja kitu, halikutaja haja. Haja ni kwamba mvua hukuta karafuu juu ya majamvi, zikaoza na kupoteza rangi, na daraja ikashuka wakati wa kuuza. Ikielezwa hivyo, huenda turubai na banda vikatosha kwa fedha ndogo kuliko saruji na mawe. Au huenda sakafu ndiyo hasa itakiwayo. Lakini hapo tutajua ukubwa wake kwa kuhesabu pishi zinazoanikwa siku moja ya msimu, si kwa kutazama sakafu ya jirani.

Basi kila tawi litakaloleta ombi liandike mambo manne: hasara ipatikanayo sasa, kwa pishi, kitu kinachoombwa, nani atakitunza na kwa mchango gani, na mwisho wa msimu tutapima nini. Maombi yasiyo na jambo la tatu yatarudishwa kwa katibu wa tawi.