Hisani Isiyo na Daftari

Uhisani, kwa maana inayotumiwa na wanasaikolojia, ni hali ya mtu kutenda jambo kwa lengo la kumfaa mwenzake hata kama tendo hilo linamgharimu. Katika ubinafsi, manufaa ya mwingine huwa ni njia tu ya mtendaji kujinufaisha. Kwa nje matendo hayo mawili hufanana. Daniel Batson, wa Chuo Kikuu cha Kansas, alijaribu kuyatenganisha katika utafiti uliochapishwa mwaka 1981, ambamo washiriki walimtazama mwanamke aliyeigiza kupigwa shoti za umeme, kisha wakaulizwa kama wangekubali kukaa mahali pake. Waliomwonea huruma walielekea kukubali hata pale waliporuhusiwa kwenda zao. Wapinzani wake, akiwemo Robert Cialdini, walidai kwamba anayesaidia huwa anaiondoa huzuni yake mwenyewe, na ubishi huo haujakatika.

Kwa anayetaka kuielewa ndoa au urafiki, hata hivyo, lipo swali lenye manufaa zaidi: je, mtoaji anaweka hesabu? Mwaka 1979 Margaret Clark na Judson Mills walitofautisha mahusiano ya kubadilishana, ambamo jema hulipwa kwa jema, na mahusiano ya kijumuiya, ambamo mtu hupewa kwa kuwa anahitaji. Katika jaribio lao, wanaume walimsaidia mwanamke fulani: alipodhaniwa kuwa ameolewa, kuirudisha hisani papo hapo kulimfanya apendeze zaidi, lakini alipoonekana kutafuta marafiki, malipo hayohayo yalimpunguzia mvuto, pengine kwa sababu alipaye upesi huonekana kama anayefunga hesabu ili aondoke.

Wamaasai wanalo neno linalolieleza jambo hili kwa uwazi kuliko istilahi za maabara. Osotua, ambalo asili yake ni kitovu kinachomuunganisha mtoto na mama, ni uhusiano ambamo mwenye haja huomba kile tu anachohitaji, naye aombwaye hutoa kadiri ya uwezo wake bila deni kuzaliwa, kwani deni lina jina lake lingine, esile. Mwanaanthropolojia Lee Cronk, aliyewatafiti Wamaasai wa Mukogodo nchini Kenya, alionyesha mwaka 2007 kwamba mchezo wa kupeana fedha ulipoitwa osotua, wachezaji walipeana fedha chache zaidi na kutarajia kurudishiwa chache zaidi. Matokeo hayo hushangaza mpaka ikumbukwe kwamba osotua hupimwa kwa haja, si kwa wingi wa kitolewacho.

Hesabu yenyewe si ubinafsi; daftari la michango ya harusi huwekwa wazi, na kila mchangiaji hujua kwamba zamu yake itafika. Kinachojeruhi ni hesabu iliyofichwa, ambayo hufunuliwa siku ya ugomvi kwa yale Waswahili wayaitayo masimango, pale karo, matibabu na chakula cha miaka mingi vinapotajwa kimoja kimoja, na aliyevipokea akajikuta anadaiwa asichokikopa.