Manjano, Mionzi na Swali la Shangazi

Muhula uliopita mwenzetu mmoja alituletea swali kwenye kikao cha klabu. Shangazi yake wa Unguja alikuwa anajiandaa kuvuka kwenda Dar es Salaam, kupata tiba ya mionzi katika Taasisi ya Saratani Ocean Road. "Mwanangu," alimwambia kwa simu, "nasikia huko Uingereza kuna vidonge vya manjano vinavyoipa mionzi nguvu. Niletee." Wengi wetu tunasoma sayansi, lakini hakuna aliyekuwa na jibu. Tukaingia maktaba.

Habari aliyoisikia si ya kuzua. Mionzi huua seli za saratani kwa kukata DNA yake. Baadhi ya seli hujihami kwa kuamsha protini iitwayo NF-kB, inayosaidia seli isife. Kurkumini, kemikali inayoyapa manjano rangi yake, imeonekana maabara ikiizuia protini hiyo, na seli zikafa kwa wepesi zaidi zilipopigwa mionzi.

Lakini seli za maabara si mwili wa mtu. Kurkumini ni kama asilimia 3 tu ya unga wa manjano, utumbo huifyonza kidogo, na ini huivunja upesi. Tena huzuia oksidishaji, ilhali mionzi hutegemea oksidishaji kuua seli. Ndiyo maana madaktari huhofia vidonge vyenye dozi kubwa: huenda vikaikinga saratani yenyewe.

Je, mimea haifai? Inafaa. Paklitakseli iligunduliwa kwanza katika ganda la mti wa Taxus brevifolia wa Marekani. Huikwamisha seli inapogawanyika, hatua ambayo mionzi huidhuru zaidi. Muundo wake ulitangazwa mwaka 1971, ukaidhinishwa kuwa dawa Marekani mwaka 1992. Leo hutolewa pamoja na mionzi kwa baadhi ya wagonjwa wa saratani ya umio. Kilichoufanya mti kuwa dawa ni ile miaka 21 ya kupima, dozi inayojulikana, na daktari anayefuatilia.

Basi tulimjibu Shangazi hivi: manjano ya mchuzini endelea nayo, vidonge usianze kabla ya kumwuliza daktari wako, na mweleze kila unachotumia.

Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Hata ile chupa ya mitishamba niliyopewa na jirani?"

Ndiyo, Shangazi. Hiyo hasa.