Germanium ya Kipushi inalia ndani ya gitaa

Siku moja ya posho, mangaribi, kijana mumoja wa Kikula alitufikia kwenye chumba chetu cha sendika. Alibeba kisanduku cha chuma ndani ya mufuko wa plastiki. «Bapapa, hii pedali imekufa. Kuko mwenye anaweza kuitengeneza?»

Kwa wale wasiojua: pedali inakaa kati ya gitaa na ampli. Unaikanyaga na muguu, sauti inageuka, inakuwa nzito, inakwaruza, inavuta muda mrefu. Mupya inatoka inje, na bei yake ni unga wa nyumba kwa siku mingi. Gitaa yenyewe baba yake aliinunua na dekonti yake, wakati wa kuondoka kwa hiari kwa 2003. Sasa mama alikuwa ameanza kusema iuzwe, kwa sababu haileti kitu nyumbani.

Tuliita muzee mumoja kati yetu, fundi wa umeme wa zamani. Akafungua kisanduku. Tulifikiri tutaona mashine ya ajabu. Tukaona vipande vidogo 11 tu: transista 2, rezistansi 4, kondansateri 3, na vifungo 2 vya kuzungusha. Uzi mumoja ulikuwa umekatika. Muzee akausude, pedali ikalia. Halafu akauliza: «Kama njo hii tu, juu ya nini tusifanye yetu?»

Kijana akatoa telefone, akatafuta. Ile pedali ilikuwa kopi ya Fuzz Face, iliyotoka London mwaka 1966. Schema yake iko wazi kwenye intaneti, bila kulipa. Ukurasa wa ElectroSmash unaeleza kazi ya kila kipande. Ule wa R.G. Keen, unaoitwa GEO, unaonyesha namna ya kupima transista za zamani kabla ya kuzitumia. Imeandikwa kwa Kingereza, lakini muzee hakuogopa. Alama za schema ni zile zile alizofunzwa kazini.

Tulijifunza pia kutafuta vizuri, maana mega ni feza. Andika jina la pedali pamoja na neno «schéma». Usiamini picha peke yake. Chagua ukurasa unaotoa liste ya vipande na maelezo. Linganisha schema mbili mbele ya kununua kitu. Zikiachana, tafuta ya tatu. Halafu hifadhi picha ndani ya telefone, usizifungue kila siku na mega mupya.

Tukiwa tunasoma, tulikuta neno lililotunyamazisha: germanium. Transista ya kwanza ya dunia, kwa 1947, ilikuwa ya germanium. Pedali za kwanza za kukwaruza, toka Maestro FZ-1 ya 1962, zilitumia germanium. Na germanium si mugeni kwetu. Iko ndani ya jiwe la Kipushi. Kuko hata jiwe linaloitwa reniérite, lenye mukuba na germanium pamoja, lililojulikana dunia nzima kutokea mugodi ule. Kwa 2024, STL, mutoto wa Gécamines, ilianza kutuma Ubelgiji germanium inayotolewa katika terril ya Lubumbashi, ule mulima mweusi tunaoupita kila tukienda kule.

Basi tuhesabu. Jiwe linatoka kwetu, linapita Ulaya, linarudi ndani ya kisanduku ambacho mutoto wetu hawezi kununua. Sendika inapigania mushahara, na itaendelea. Lakini kuko sehemu moja ya bei ile ambayo hakuna anayetukataza kuikamata leo: ufundi.

Wengine walitutangulia. Ngambo ya mupaka, kwenye miji ya mukuba ya Zambia, vijana wa miaka ya 1970 walipiga gitaa za kukwaruza, na leo dunia inaita muziki ule Zamrock. Kinshasa, Konono N°1 ya muzee Mingiedi walitengeneza mikrofoni za likembe na sumaku za gari mbovu; albamu yao Congotronics, ya 2004, ilisikika mbali. Na hapa petu, wakati Likasi ilikuwa ingali Jadotville, Hugh Tracey alikuja kwa 1952 kurekodi gitaa ya Mwenda Jean Bosco. Hakuja kutufundisha. Alikuja kusikiliza.

Tulifanya yetu na vipande vya radio mbovu. Mara ya kwanza ilinyamaza kabisa: tulikuwa tumegeuza miguu ya transista. Mara ya pili ilikwaruza mpaka majirani wakatoka inje. Transista ya germanium ni shida kupata, lakini radio za zamani za bababu zinayo, kama AC128. Ukikosa, hata silisiamu inafanya kazi. Tafuta schema yake, maana pande za pile zinaweza kubadilika.

Tunaongeza neno la usalama, kama kawaida yetu. Tumika na pile ya volti 9 tu. Kurant ya nyumba inaua. Fungua dirisha wakati wa kusude, usivute moshi, na nawa mikono kabla ya kula, kwa sababu eteni mingi inachanganywa na risasi. Sisi wa usine tunajua vumbi na moshi vinafanya nini ndani ya mwili. Batoto wasijifunze kwa njia ile ile.

Gitaa haikuuzwa. Mama alikubali kungojea, na kijana amekwisha kutengeneza pedali ya pili kwa rafiki yake wa Panda, akalipwa.

Siku ya posho, saa nane, chumba chetu kiko wazi. Muzee anakuja na feri yake ya kusude. Walete batoto, na ile radio ya zamani inayolala juu ya kabati, msiitupe.