Mwamba Wako Unamsimulia Vipi?

Oyaa, nenda kijiwe chochote cha boda pale Omurushaka, njia ya Nkwenda na Murongo inapochepuka, urushe swali moja: "Wanangu, mnamkubali nani?" Majibu yanakuja chapu. Diamond. Samatta. Waliotoka Murongo watakutajia Bobi Wine, maana kule ng'ambo ya mto ni Uganda na ngoma za kule zinapigwa kila kona. Halafu kuna mmoja, mara nyingi yule asiyeongea sana, atasema anamkubali bi mkubwa wake, na hakuna atakayembishia.

Majina peke yake hayaniambii kitu. Kila mtu anamkubali Diamond, hata anayesema hamkubali, ngoma zake zote anazo kwenye simu. Mimi nasikiliza mtu anamsimulia vipi mwamba wake: anaanzia wapi, anapandisha sauti wapi, anaruka kipande gani. Hapo ndipo unamjua.

Mchizi mmoja akimsimulia Diamond anaanzia kwenye Rolls-Royce. Ndinga, cheni, walinzi, mjengo. Mwingine anaanzia Tandale, dogo anauza mitumba, anapiga kazi sheli, anauza pete ya mama yake apate hela ya kuingia studio. Huyu wa pili ukimcheki vizuri, yuko kwenye msoto. Anaendesha pikipiki ya mkataba, kila jioni hesabu ya bosi inamsubiri, mvua inyeshe isinyeshe. Anaihitaji ile pete. Anataka kuamini kwamba mtu anaweza kuanza na kitu kidogo cha nyumbani akafika. Na yule wa Rolls-Royce usimdharau, mwanangu. Ukishazoea kuitwa "we boda" na watu wasiotaka kujua jina lako, kuonekana nayo ni njaa, na inauma kweli.

Kinachoniumiza kwenye stori za Diamond huku kwetu ni kipande kingine kabisa. Mwaka 2016 yeye na Rayvanny wakaachia "Salome", nchi nzima ikachizika. Ule mzigo umetoka kwa Saida Karoli, dada wa Kagera hii hii, aliyeimba "Maria Salome" kwa Kihaya mwanzoni mwa miaka ya 2000, na watu wa Songea na Tanga wakaimba naye bila kuelewa neno. Mtoto wa Karagwe anakwenda Dar, anaficha Kinyambo chake kama kidonda, anajifunza kuongea kama wa Sinza. Na staa wa Dar mwenyewe, alipotaka ngoma kali, alikuja kuchota huku. Nikimkuta binti wa Kayanga anayemtaja Saida kabla ya Diamond, najua huyo hajioni wa pembeni.

Twende kwa Samatta. Madogo wa Kaisho wanaocheza peku watakwambia Aston Villa, Januari 2020, Mtanzania wa kwanza kukanyaga Ligi Kuu ya Uingereza, halafu lile goli dhidi ya Bournemouth. Sawa kabisa, na mimi niliruka kama wao. Lakini wanaruka Lubumbashi. Jamaa alitoka Simba 2011 akaenda TP Mazembe, akakaa Kongo miaka karibu mitano, mpaka akachukua tuzo ya mchezaji bora Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara, ile ya 2015. Ndipo Genk wakamchukua. Hiyo Kongo ambayo sisi tunaiona ya kukimbiwa ndiyo iliyompika. Mtu anayekusimulia Lubumbashi kwa raha huwa hana papara. Anajua kuna ngazi, na ngazi ya kwanza inaweza kuwa Bukoba, au Mbarara, au kibanda chake mwenyewe cha kuchaji simu.

Sasa twende Bukoba. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air ilitumbukia ziwani pale Bukoba, karibu kabisa na uwanja. Watu 43 ndani. 24 wakatoka, 19 wakafa. Waliofika mwanzo ni wavuvi na mitumbwi yao. Mmoja wao, Jackson Majaliwa, kijana mdogo, akalazwa hospitali baada ya kuhangaika kuokoa watu. Akapewa shilingi milioni moja, Rais Samia akaagiza apewe ajira Zimamoto.

Nilisikia stori hii ikipigwa vijiweni wiki nzima, na nusu ya wana walikuwa wanasimulia ajira. "Dogo kapata zali." Nawaelewa. Ukiwa na vyeti vinavyooza kwenye begi, neno ajira linafunika yote. Ila asubuhi ile hakukuwa na ajira yoyote mezani. Kulikuwa na kasia, mtumbwi, maji ya baridi na watu wanaolia ndani ya bati. Alikwenda, na wenzake walikwenda, wale ambao majina yao hatukuyashika. Mimi nawakubali wote. Na nikimsikia dogo anayemsimulia Majaliwa kuanzia kwenye kasia, huyo hata ukipata ajali barabara ya Nyakahanga atasimama.

Tukirudi nyuma kabisa, tuna Rumanyika, mfalme wa Karagwe. Jina limekuwa kubwa tena tangu 2019, hifadhi ya taifa ya Rumanyika-Karagwe ilipotangazwa pamoja na Ibanda-Kyerwa. Wasafiri wa Kizungu, Speke na Grant, walifika kwake Novemba 1861, na Speke akaandika alichosimuliwa: ndugu walipogombea kiti waliwekewa ngoma ndogo yenye dawa, wenzake wakashindwa kuinyanyua, Rumanyika akainua kwa kidole kidogo. Hiyo ndiyo stori inayopendwa. Kidole kidogo, umeteuliwa, umemaliza. Wanaocheza mkeka kila wikiendi wanaipenda kinoma.

Lakini Rumanyika huyo huyo alimhifadhi Grant mguu wake ulipoanza kuoza kwa kidonda, hawezi kutembea. Speke akaendelea na safari kwenda Buganda, mwenzake akabaki Karagwe miezi kadhaa akitunzwa kwa mfalme. Na baba yake Rumanyika, Ndagara, simulizi zinamtaja kama fundi chuma. Bweranyange, makao ya wafalme, palikuwa na ng'ombe wadogo wa chuma na nyundo za kifalme, kazi iliyofuliwa kwa moto na mkono. Kuna dogo anachomelea mageti pale Kayanga, miwani nyeusi, mikono imejaa alama za cheche. Nilipompa habari ya Ndagara alizima mashine. Akauliza mfalme mwenyewe alishika nyundo? Akauliza tena, chuma walikitoa wapi? Ile ngoma na kidole kidogo nilimwambia pia, hakuuliza kitu.

Sasa kahawa, maana huku bila kahawa hakuna stori. Kyerwa, muulize kijana mwamba wake, anaweza kukutajia mtu asiyeimba wala kucheza mpira: jamaa aliyekuwa anavusha kahawa usiku kwenda Uganda. Pikipiki imezimwa taa, magunia nyuma, njia za panya mpaka mtoni. Anasimuliwa kama komando. Serikali inaita magendo, na ni magendo. Mimi sitamsifu. Lakini sikiliza wanachokisimulia ndani yake: bei ilikuwa nzuri ng'ambo, huku mkulima anakatwa na kucheleweshewa malipo, na mtu mmoja akathubutu. Wanapenda uthubutu na wanapenda bei ya haki. Minada ya miaka hii ilipopandisha bei huku kwetu, ile sifa ya usiku ilianza kupoa yenyewe vijiweni.

Wazee wao watakutajia Sir George Kahama. Mzaliwa wa Karagwe, aliongoza chama cha ushirika cha Bukoba kabla ya uhuru, akawa waziri wa mambo ya ndani nchi ilipopata uhuru 1961, na baadaye kabisa akarudi kuwa mbunge wa Karagwe na waziri wa ushirika. Alifariki 2017. Vijana wengi hawamjui, na hilo ni pengo, kwa sababu yeye na yule mvusha magunia wanagusa swali moja la bei ya mkulima. Mmoja alilishika mchana, kwa makaratasi na vikao.

Mimi nikiulizwa namkubali nani, namtaja dada mmoja wa Nkwenda ambaye jina lake nitabaki nalo. Mwaka ule kahawa ilikuwa bado maua, ada ya mdogo wake imefika, tajiri akaja na noti mkononi: niuzie butura, kahawa ikiwa bado mtini, shamba lote, chukua sasa hivi. Wengi kijijini walikubali, na siyo kwa ujinga, njaa na ada havisubiri. Yeye akakataa. Akauza mbuzi, akasuka mikeka, akaomba shule impe muda. Mavuno yalipofika akaanika kwenye turubai badala ya chini, akageuza kila saa, usiku anakusanya kwa kuhofia umande na wezi, akapeleka chama cha msingi. Hela ilichelewa, akaisubiri. Ilipoingia alilipa ada yote, akabaki na ya mabati.

Nikimsimulia naanzia pale mlangoni, tajiri kanyoosha noti, ada inadaiwa, na yeye anasema, "Hapana, waitu."